Habari za Msuguano: Mafuta Si Dawa ya Kila Kelele

Katika somo la leo nataka kuwaelezeni habari za nguvu moja ambayo kila mtu huitumia tangu aamkapo hata alalapo, lakini ni wachache walioketi wakaifikiri. Nguvu hiyo yaitwa msuguano. Mwenye kuisahau huweza kuharibu gari, kuchosha watu bure, au kumwumiza mwenzake. Mimi mwenyewe naliisahau siku moja, nikamwumiza mtu asiye na kosa. Ni afadhali aibu inayofundisha kuliko aibu inayofichwa, kwa hiyo nitaanza kwa kisa hicho.

1. Kisa cha baiskeli

Kwetu Mlabani, katika mji wa Ifakara, baiskeli ndiyo miguu ya watu wengi, maana nchi ya bonde la Kilombero ni tambarare. Mimi nilikuwa na baiskeli niliyoipenda sana, nayo ilikuwa na kelele mbili. Mnyororo ulilia, na breki zililia. Jumamosi moja nikachukua kopo la mafuta nikautia mnyororo. Kelele yake ikakoma palepale, na baiskeli ikawa nyepesi. Nikafurahi, nikajiona fundi. Basi nikasema moyoni, "Dawa iliyoponya ugonjwa wa kwanza itaponya na wa pili." Nikapaka mafuta raba za breki na ringi za magurudumu yote mawili. Kweli, breki nazo zikanyamaza.

Jumatatu asubuhi naliondoka kwenda kazini. Penye kishuko cha tuta la barabara naliona mama mmoja mtu mzima akivuka na kikapu cha mpunga kichwani. Nikabana breki. Raba zikateleza juu ya ringi kama samaki mkononi, na baiskeli ikazidi kwenda. Nikapiga kelele, lakini mama hakuwahi kuondoka. Nikamgonga, akaanguka, na mpunga wote ukamwagika matopeni.

Nilipomwinua akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hukuniona?"

Nikajibu, "Nalikuona, mama, ila breki hazikushika. Nisamehe."

Kifundo cha mkono wake wa kuume kilikuwa kimevunjika. Tukampeleka hospitali, akafungwa mkono. Baadaye nikampelekea fundi wa baiskeli ile baiskeli yangu. Akaigusa ringi kwa kidole, akakitazama kidole kilivyong'aa kwa mafuta, akatikisa kichwa. Akasema, "Bwana karani, mafuta si dawa ya kila kelele. Mnyororo wataka kuteleza. Breki yataka kushika. Wewe umeifundisha breki kazi ya mnyororo."

Maneno hayo ya fundi ndiyo somo letu lote. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini yalikuwa kweli.

2. Maana ya msuguano

Msuguano ni nguvu izaliwayo mahali vitu viwili vinapogusana, nayo huzuia kimoja kisiteleze juu ya mwenzake. Ukisukuma meza sakafuni, wewe wasukuma mbele na msuguano wavuta nyuma. Ukiacha kusukuma, meza husimama, kwa kuwa msuguano umeumaliza mwendo wake.

Watu wengi hudhani kwamba msuguano ni adui tu, yaani mzigo tuliobebeshwa. Lakini hebu fikirini dunia isiyo nao. Mtu hawezi kutembea, maana mguu husukuma ardhi kwenda nyuma, na ardhi ikikubali kuteleza yeye hasogei mbele. Wazee wetu walijua hayo waliposhika mkongojo wakati wa masika, na vijana wanapokaza vidole vya miguu penye utelezi wajua vivyo hivyo. Tena fundo halifungi, kwa maana kamba hujishika yenyewe kwa msuguano. Msumari watoka mbaoni, ukili wa mkeka wafumuka, na nyuzi za nguo zaachana. Hata mpunga tunaoumwaga juu ya jamvi haukai chungu, bali watawanyika kama maji, kwa kuwa punje hushikana kwa msuguano ndipo chungu kisimame.

Na kukoboa mpunga je? Katika kinu, punje husuguana zenyewe kwa zenyewe hata maganda yakatoka. Katika mashine nyingi za siku hizi, mpunga hupitishwa katikati ya magurudumu mawili ya raba. Moja huzunguka upesi kuliko jingine, na tofauti hiyo ya mwendo ndiyo impokonyayo punje ganda lake. Basi wali wetu wa Kilombero hauji mezani bila msuguano.

3. Mtumbwi na wavutaji

Sasa tuitazame nguvu hii ikiwa kazini. Wandamba na wenyeji wengine wa mto Kilombero wajua kazi ya mtumbwi wa gogo moja. Mti ukichongwa mbali na maji, sharti mtumbwi ukokotwe mpaka mtoni. Watu hufunga kamba, hujipanga, na mmoja huongoza kwa sauti ili wote wavute pamoja.

Mwenye kuvuta mzigo mzito hujua jambo moja: kuuondoa ni kugumu kuliko kuuendesha. Mwanzo watu hukaza misuli yote na mtumbwi hautikisiki. Ukishaondoka huenda kwa nguvu kidogo kuliko ile ya kwanza. Sababu yake ni kwamba msuguano ni wa namna mbili. Upo msuguano wa kukaa, ambao hukishika kitu kilichotulia, na upo msuguano wa mwendo, ambao huzuia kitu kilichokwisha kuanza kuteleza. Aghalabu ule wa kukaa ndio mkubwa. Basi kiongozi mwenye akili hawaachi watu wapumzike kila hatua mbili, kwa maana kila wakisimama hulipa upya gharama ya kuondoka.

Tena wavutaji hulaza miti ya mviringo chini ya mtumbwi. Mtumbwi usioweza kuteleza sasa wabingirika, na kubingirika hutaka nguvu ndogo sana kuliko kuteleza. Hapo ndipo mwanzo wa akili ya gurudumu.

Na kama hakuna miti, maji nayo husaidia, lakini kwa kadiri. Huko Misri, katika kaburi la mkuu aliyeitwa Djehutihotep, imo picha iliyochorwa miaka 1,880 hivi kabla ya Kristo. Yaonyesha watu wengi wakivuta sanamu kubwa mno iliyowekwa juu ya kigari kisicho na magurudumu, na mtu mmoja amesimama mbele yake akimwaga maji mchangani. Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba maji yale yalikuwa ya ibada tu. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, katika Uholanzi, walijaribu jambo hilo kwa vipimo. Wakaona kwamba mchanga mkavu hujilundika mbele ya kigari na kukizuia. Ukilowa kwa kadiri, chembe zake hushikamana, njia ikawa ngumu na nyororo, na nguvu ya kuvuta ikapungua kwa nusu hivi. Maji yakizidi, faida yapotea. Basi mwenye kuvuta mtumbwi juu ya mchanga wa pwani ya mto na achague mahali penye unyevu na pagumu, asichague mchanga mkavu wala tope.

4. Kanuni zake, na namna ya kuzijaribu shuleni

Walimu, jambo hili laweza kufundishwa bila vyombo vya gharama. Twaeni tofali, kamba, ubao, na mizani ya ndoana kama ile wanayotumia wauza samaki. Fungeni tofali, mlivute polepole juu ya ubao kwa ile mizani, mkasome alama wakati tofali linapokwenda.

Tuseme tofali lina uzito wa kilo 3, na mizani yaonyesha kilo moja na nusu. Wekeni tofali la pili juu ya la kwanza. Mizani itaonyesha kilo 3 hivi. Hii ndiyo kanuni ya kwanza: msuguano huzidi kadiri uzito unaokandamiza unavyozidi. Ukiongeza uzito mara mbili, msuguano nao waongezeka mara mbili.

Sasa ondoeni tofali la pili, mkalisimamishe lile la kwanza kwa ubavu wake mwembamba, kisha mvute tena. Waulizeni watoto kwanza, "Je, msuguano utapungua?" Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa sehemu inayogusa ubao imekuwa ndogo. Lakini mizani itaonyesha karibu kilo moja na nusu kama mwanzo. Hii ndiyo kanuni ya pili, nayo hustaajabisha: msuguano wa vitu vigumu hautegemei upana wa mahali vinapogusana.

Kanuni hizi zina historia ndefu. Leonardo da Vinci wa Italia, aliyefariki mwaka 1519, aliziandika katika madaftari yake, lakini hazikuenea. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons akazivumbua tena na kuzitangaza. Baadaye Charles Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, akapima msuguano wa mbao na vyuma na kamba kwa ajili ya kazi za merikebu, akapewa tuzo mwaka 1781, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1785. Yeye aliongeza kanuni ya tatu: kitu kikishaanza kuteleza, mwendo wa upesi au wa polepole haubadili msuguano sana.

Ukigawanya msuguano kwa uzito, wapata hesabu iitwayo kadiri ya msuguano. Katika mfano wetu ni moja na nusu kwa tatu, yaani nusu. Kadiri hii hutegemea aina ya vitu vigusanavyo, na kama ni vikavu au vimelowa au vimepakwa mafuta.

Iko na njia ya pili ya kuipata bila mizani. Wekeni tofali juu ya ubao, mkainue ncha moja ya ubao taratibu. Palepale tofali linapoanza kuteleza, shikeni ubao, mkapime kimo cha ncha iliyoinuka na urefu wa chini kutoka mguu wa kimo hicho mpaka ncha ya pili. Kimo kikiwa sentimeta 40 na urefu wa chini sentimeta 80, basi kadiri ya msuguano wa kukaa ni 40 kwa 80, yaani nusu. Pakeni ubao mafuta, mrudie tena, mkaone jinsi ncha inavyoinuliwa kidogo tu na tofali limekwisha ondoka. Jaribio hilo la dakika kumi lingaliniokoa mimi na aibu yangu.

5. Kwa nini vitu hushikana

Ukiutazama ubao uliopigwa randa, au chuma kilichosuguliwa, waona ni laini. Lakini chini ya kioo cha kukuzia, kila uso una vilima na mabonde madogo. Vitu viwili vikilazwa pamoja havigusani kila mahali. Hugusana katika vilele vichache tu, kama magunzi mawili ya mahindi yaliyolazwa ubavu kwa ubavu.

Zamani wataalamu walidhani kwamba msuguano ni kukwama kwa meno hayo tu. Lakini kama ingalikuwa hivyo, kila unapolainisha zaidi msuguano ungepungua zaidi, na sivyo ilivyo. Vipande viwili vya chuma vilivyosafishwa kabisa mahali pasipo hewa hushikamana vikawa kama kitu kimoja. Katika karne ya 20, Bowden na Tabor wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba pale kwenye vilele vinavyogusana, vitu hushikana hasa, na msuguano wa vyuma ni ile nguvu ya kuyapasua maungo hayo madogo. Tena wakaeleza ajabu ya kanuni ya pili. Uzito ukizidi, vilele hubonyea na mahali pa kugusana kweli huongezeka. Lakini ukieneza uzito uleule juu ya upana mkubwa, kila kilele chapata mzigo mdogo, na jumla ya maungo hubaki ileile.

Kazi ya mafuta nayo sasa yafahamika. Mafuta huingia katikati ya nyuso mbili kama mgeni kati ya wagomvi, yakazitenga, vilele visifikiane. Ndiyo maana mnyororo wangu ulinyamaza. Na ndiyo maana breki zangu zilikufa.

6. Joto la msuguano

Sugua viganja vyako kwa nguvu; vyapata joto. Wazee walipekecha moto kwa kuzungusha kijiti kigumu juu ya mti laini mpaka unga wa mti ukafuka moshi na kushika. Mwaka 1798 Count Rumford, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Bavaria, katika Ujerumani, alieleza jinsi alivyoona mizinga ikitobolewa mjini Munich. Akatia maji kuzunguka chuma kilichokuwa kikitobolewa kwa keekee butu iliyozungushwa na farasi, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka pasipo moto. Hivyo akaonyesha kwamba joto si kitu kilichofichwa ndani ya chuma, bali huzaliwa na kazi.

Breki ni kiwanda cha joto. Mwendo wa gari haupotei hewani. Wageuka kuwa moto katika breki. Dereva wa lori ateremkaye mlima mrefu, kama Kitonga katika njia ya Iringa, akikanyaga breki mfululizo, huziunguza hata zisishike tena. Kwa hiyo sharti apunguze gia kabla ya kuanza kuteremka, injini imsaidie kuzuia mzigo.

7. Gurudumu na reli

Gurudumu halikuuondoa msuguano, limeuhamisha tu. Ule uliokuwa ardhini, penye mawe na vumbi, umepelekwa kwenye ekseli ndani, mahali padogo panapoweza kufunikwa na kutiwa grisi. Na wahunzi wa siku hizi wametia gololi humo ndani, ili hata hapo pawe ni kubingirika badala ya kuteleza. Msiache mchanga kuingia mahali hapo, maana mchanga husaga chuma.

Mfano mkubwa tunao karibu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, yatoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika Zambia, mwendo wa kilomita 1,860, nayo yapita kwetu Ifakara kabla ya kufika Mlimba na kuanza kupanda milima ya kwenda Makambako. Gurudumu gumu la chuma juu ya reli ngumu ya chuma hubonyea kidogo mno, kwa hiyo hubingirika kwa wepesi. Ndiyo sababu kichwa kimoja huvuta mabehewa mengi.

Lakini wepesi huo una hatari yake. Tuseme uzito ulio juu ya magurudumu yanayovuta ni tani 100. Reli ikiwa kavu na kadiri ya msuguano ni robo, kichwa chaweza kuvuta kwa nguvu ya tani 25. Mvua ikinyesha au reli ikichafuka kwa mafuta, kadiri ikashuka hata sehemu moja ya kumi, nguvu yabaki tani 10. Injini ikilazimishwa zaidi, magurudumu yazunguka bure mahali pamoja. Kwa ajili hiyo vichwa vya treni huchukua mchanga ndani ya masanduku, na dereva huunyunyiza mbele ya magurudumu. Mtu aliyetengeneza mashine yenye mafuta kila ungo, mwisho huimwagia mchanga chini ya miguu! Hana wazimu; ajua kila mahali pataka nini.

8. Matope ya masika

Sasa nasema na wenye magari, pikipiki na matrekta. Wakati wa masika njia zetu nyingi za udongo huwa kama sabuni. Gurudumu likianza kuzunguka bure, limekwisha toka katika msuguano wa kukaa, ulio mkubwa, na kuingia katika msuguano wa mwendo, ulio mdogo. Dereva asiyejua hukanyaga mafuta zaidi. Gurudumu lapata kasi, lakini halipati mshiko. Lachimba shimo, na gari lalala juu ya tumbo lake. Dereva mwenye maarifa huachia mafuta, huweka matawi au mawe chini ya gurudumu, kisha huondoka taratibu kabisa, ili gurudumu lisiteleze tena. Kuna wakati upole una nguvu kuliko injini.

Tairi lenye kipara nalo ni hatari. Mifereji ya tairi haikuchorwa kwa urembo. Kazi yake ni kuyakimbiza maji yatoke chini ya mpira, ili mpira uiguse barabara. Na jihadharini sana na mvua ya kwanza baada ya kiangazi, maana huchanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani, ikafanya utelezi kabla haijausafisha.

9. Hesabu ya kusimama

Vijana wa bodaboda, hesabu hii ni yenu. Pikipiki iendayo kilomita 36 kwa saa huenda mita 10 kwa kila sekunde. Katika barabara kavu yenye kadiri ya msuguano ya 0.7, toka breki ziliposhika mpaka kusimama ni mita 7 hivi. Barabara ikilowa, kadiri ikapungua kwa nusu, yahitaji mita 14.

Ongeza mwendo mara mbili, uwe kilomita 72 kwa saa. Je, masafa ya kusimama yataongezeka mara mbili? La, mara nne! Penye ukavu ni mita 28 na zaidi. Penye maji ni mita 57. Tena hapo sijahesabu muda wa kuona na kufikiri kabla mkono haujabana breki. Kwa mwendo huo kila sekunde ya kushtuka ni mita 20. Mtoto akivuka mita 40 mbele yako wakati wa mvua, na wewe wakimbia hivyo, hakuna ustadi utakaomwokoa. Msuguano haujui haraka ya abiria wako.

10. Kamba na nguzo

Nimalizie mifano kwa jambo la kivukoni. Kabla ya daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, kufunguliwa rasmi mwaka 2018, watu na magari walivuka kwa pantoni, na wengi kwa mitumbwi. Kila mwenye chombo cha majini ajua kwamba mtu mmoja hawezi kushindana na mkondo kwa mikono mitupu. Lakini akizungusha kamba nguzoni, chombo hutulia.

Siri yake ni msuguano unaozidishwa. Tuseme mzunguko mmoja wa kamba huzidisha nguvu ya mkono mara 6. Mzunguko wa pili hauongezi 6, bali huzidisha tena mara 6, ikawa mara 36. Wa tatu wafanya mara 216. Basi mtoto avutaye kwa nguvu ya kilo moja tu aweza kuzuia mvuto wa kilo 216. Mtaalamu Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, aliifanya hesabu hii katika karne ya 18. Lakini kamba ikipakwa tope au mafuta, kadiri hushuka, na hesabu yote hushuka nayo.

11. Shauri la mwisho

Wazee wa vijiji, walimu, na ninyi nyote msomao, mmekwisha kuona kwamba msuguano si adui wala si rafiki. Ni mtumishi anayetaka kuwekwa mahali pake. Kabla ya kutia mafuta, au maji, au mchanga, jiulizeni swali moja: "Je, hapa nataka kiteleze au nataka kishike?" Mnyororo, ekseli, gololi na bawaba za mlango, hizo zataka mafuta. Breki, tairi, kamba ya chombo na nyayo za viatu, hizo zataka ukavu na usafi. Breki ikilia, isafishwe, raba zake zitazamwe, na zikiwa zimeisha zibadilishwe.

Walimu wawape wanafunzi maswali haya matatu. Kwanza: kwa nini mtu huzungusha mfuniko wa chupa kwa kitambaa kikavu anaposhindwa kuufungua kwa mkono wenye jasho? Pili: mzigo wa kilo 80 wavutwa sakafuni kwa nguvu ya kilo 20, kadiri ya msuguano ni ngapi, na ukiongezwa mzigo wa kilo 40 itahitajiwa nguvu gani? Tatu: katika baiskeli moja, taja mahali patatu panapotaka kuteleza na mahali patatu panapotaka kushika. Atakayejibu swali la tatu vema amemzidi karani mmoja wa Mlabani.

Yule mama alifunguliwa mkono baada ya majuma sita. Nalimlipa mpunga wake, naye akanisamehe kwa moyo mweupe, akaniambia, "Kuteleza si kuanguka, mwanangu." Neno lake ni la hekima, na mimi nalipokea kwa shukrani. Lakini siku ile aliyeteleza ni mimi, na aliyeanguka ni yeye. Na mpaka leo akitwanga huushika mchi kwa mkono wa kushoto. Kila nipitapo na kuisikia sauti ya kinu chake, mkono wangu hushuka wenyewe kuzijaribu breki.